Kumkuza Romeo kwa Siku Tano: Shajara ya Mazoezi, Mombasa

Jumamosi, 11 Januari

Leo tumeanza rasmi. Vijana kumi na wanne walikuja katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Kibokoni, tukafungua madirisha yote ili upepo wa kaskazi uingie, tukaisoma rasimu yangu ya Kiswahili ya Romeo na Juliet ya Shakespeare, mwanzo hadi mwisho, kuanzia baada ya sala ya alasiri hadi taa zilipohitaji kuwashwa. Nimeamua kuandika shajara ya mradi huu kwa sababu michezo miwili niliyoielekeza zamani ilikwisha bila mimi kuweza kumweleza mtu kwa nini tulicheza vile tulivyocheza, na safari hii nataka kila uamuzi uwe na mahali pake pa kuulizwa.

Jambo ninalolifuatilia ni moja tu. Watu wengi wa hapa wanaijua hadithi hii kama hadithi ya mapenzi yaliyozuiwa na wazazi, nao hawajakosea. Lakini mimi nimevutwa na kijana mwenyewe, ambaye anaingia jukwaani akiwa mtoto wa watu wakubwa asiye na kazi ila kuugulia msichana asiyemtaka, kisha siku chache baadaye anaondoka duniani akiwa amebadilika kiasi kwamba mtu akimsikiliza bila kumwona anaweza kudhani ni mhusika mwingine. Nataka kujua mabadiliko hayo yanatokea wapi, kwa maneno gani, na mwigizaji ayabebe vipi bila kuyatangaza.

Kijana tuliyempa nafasi ya Romeo ana miaka 19. Mchana hutengeneza simu katika kibanda kisichozidi upana wa meza mbili, karibu na Marikiti. Sauti yake ni nzuri, kumbukumbu yake ni ya kuogopesha, na kasoro yake ni kwamba alianza msiba tangu mstari wa kwanza. Alisoma kama mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba atakufa. Nilipomkatiza, alinitazama kwa mshangao.

“Lakini, Mwalimu, si tanzia hii?”

Nikamjibu kwamba ni tanzia kwa watazamaji, walioambiwa mwisho wake na msimulizi kabla mchezo haujaanza, ila yeye Romeo hakuambiwa. Nikamwomba arudi pale anapoingia mara ya kwanza, barabara ikiwa bado ina damu ya ugomvi wa asubuhi, naye katikati ya kuugua kwake kuhusu Rosaline, yule msichana asiyemtaka, anamuuliza binamu yake, “Tutakula wapi?” Chumba kizima kilicheka. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipo Romeo wa siku ya kwanza: moyo umevunjika, lakini chakula cha mchana hakiachwi.

Jumamosi, 18 Januari

Tumetumia zoezi zima kuhesabu siku, na sijutii. Ugomvi wa barabarani ni Jumapili asubuhi, na karamu ni usiku huohuo. Ndoa ni Jumatatu mchana, na Tybalt, binamu yake Juliet, anauawa na Romeo Jumatatu hiyohiyo, hata baridi ya kiapo haijatoka viganjani. Jumanne alfajiri Romeo anaondoka kwenda uhamishoni Mantua. Jumatano Juliet, aliyekunywa dawa ya usingizi, anakutwa kitandani kama maiti. Alhamisi kabla ya jua kuchomoza, mambo yote yamekwisha. Shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambalo Shakespeare alilichukua kama malighafi yake, linaitandaza hadithi hiyo kwa miezi kadhaa. Yeye akaifinya ikaingia katika juma moja lisilotimia.

Maana yake kwetu ni kwamba hatuwezi kutegemea muda. Katika hadithi za kawaida kijana hukua kwa kwenda safari, kuota ndevu na kurudi. Huyu hana hata nafasi ya kunyoa. Kama anakua, basi anakua kwa kupigwa, na kila pigo linamkuta hajamaliza kulia la kwanza.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali. Vijana wawili walipendekeza tuihamishe hadithi Mji wa Kale, familia moja iwe ya Tisa Taifa na nyingine ya Thelatha Taifa. Nimekataa, nao hawakufurahi. Taifa hizo ni koo za watu halisi ambao wajukuu wao watakuwa wameketi mbele yetu, na tamthilia hii, kwa makusudi kabisa, haisemi chanzo cha uhasama wa nyumba zake mbili. Inasema tu kwamba ni wa zamani. Ukishautia jina la mtaa, watu watatoka ukumbini wakibishana nani alianza. Verona, mji wa mchezo wenyewe, itabaki Verona. Watakaozungumza ndio watakuwa wa Mombasa, na Yaya wa Juliet ataachiwa Kimvita chake, aseme “ndoo” na “ndia” na “ndaa” kama wasemavyo bibi zetu.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Katika Kiingereza chake, Romeo wa mwanzo anazungumza kwa vina vingi na kwa mafumbo ya kuazima: moto baridi, moshi mng’avu, afya gonjwa. Kadiri mchezo unavyokwenda, vina vinapungua, na maneno yake yanakuwa mafupi. Hiyo ni njia ya kusikia ukuaji kwa sikio. Lakini Kiswahili kina wivu na vina vyake. Nilikwenda kumwona maalim mmoja, mshairi wa siku nyingi, anayekaa nyuma ya Ndia Kuu, nikamwambia kwamba nataka kijana wangu apoteze vina taratibu hadi asibaki na hata kimoja.

“Mwanangu,” akasema, “huyo utakuwa umemfanya mshairi wa maguni, wa tungo zenye kasoro. Watu watasema amelewa.”

Nikamkumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Julius Caesar, kitabu kilichotoka mwaka 1963, hakujifunga kwa vina. Akakubali kwa kutikisa kichwa, kisha akanyamaza muda mrefu akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. Mwishowe akasema nivitoe vina lakini nisiguse mizani, yaani hesabu ya silabi. Mtu aliyepigwa na msiba, alisema, husahau kujipamba, ila mwendo wake hausahau. Nimeandika hivyo pembeni ya rasimu: vina vitoke, mizani minane ibaki.

Jumamosi, 1 Februari

Leo tumefanya karamu, yaani mkutano wao wa kwanza. Kwa Kiingereza wanajibizana soneti moja, mishororo 14, kila mmoja akishika sehemu yake, na mazungumzo yao yote ni ya hujaji aliyefika mbele ya sanamu ya mtakatifu na kuomba ruhusa ya kuigusa kwa mkono, kisha kwa midomo. Mabusu hatutakuwa nayo. Wazazi wa Juliet wetu, ambaye ana miaka 20 ingawa mhusika hajatimiza 14, wametuamini, na mimi sioni kwamba tunapoteza kitu, kwa kuwa uzito wote wa mahali hapo uko katika viganja.

Tumeligeuza kuwa shairi la kugawana mshororo. Romeo anashika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, msichana anaufunga kwa utao, kipande cha pili:

“Kiganja changu ki duni,” anasema kijana.

“Hujaji ana adabu,” anajibu Juliet.

Mizani minane kwa minane. Tulipojaribu mara ya kwanza, Romeo alimaliza kipande chake na kuendelea kumezea mate kipande cha mwenzake, midomo ikimchezacheza kana kwamba atakisema yeye. Ilinipasa nimwambie asimame mgongo ukigusa ukuta, asikilize tu. Hapo likajitokeza jambo ambalo sikuliona nilipokuwa naandika peke yangu: Rosaline hajibu kitu katika mchezo mzima, wala haonekani. Romeo amekuwa akimpenda mtu asiye na sauti, na kwa hiyo mapenzi yake yalikuwa ni kujisikiliza mwenyewe. Huyu wa sasa anamkatia mshororo katikati. Ni mara ya kwanza anakutana na mtu ambaye hawezi kumkisia atasema nini.

Hata hivyo sitaki tudanganyane kwamba amekwisha kukomaa. Saa chache baadaye yuko chini ya roshani yake, anataka kuapa kwa mwezi, na Juliet ndiye anayemkataza kwa kuwa mwezi hubadilika kila mwezi. Juliet ndiye anayeuliza habari za ndoa, siku gani, mahali gani, saa ngapi nitume mjumbe. Mmoja yuko kwenye mashairi na mwenzake yuko kwenye mipango. Kama mradi huu ungekuwa unamhusu Juliet, shajara ingekuwa fupi, kwa kuwa yeye anafika mapema na kumngoja.

Padri Laurence, anayewafungisha ndoa kwa siri, ana onyo lake maarufu kwamba wakimbiao ndio wajikwaao. Sikulihangaikia hata dakika moja, kwa sababu lilikuwapo tayari tangu enzi za mababu: mwenda pole hajikwai. Mwigizaji wa Padri aliomba aongeze pia haraka haraka haina baraka. Nimemnyima. Methali moja inatosha kwa kijana asiyesikia.

Jumamosi, 15 Februari

Mapigano. Tybalt wetu ameteguka kifundo cha mguu kwenye saruji yenye mchanga, amefungwa kitambaa, atapona. Kuanzia sasa sakafu inafagiliwa kabla ya panga za mbao kuguswa.

Nimeligawanya tukio hili mara nne, kwa kuwa ndani yake Romeo anakua na kurudi utotoni katika muda usiozidi dakika kumi. Anaingia akiwa ameoa saa moja iliyopita. Tybalt anamtukana hadharani, naye anakataa kupigana, anasema analipenda jina la ukoo wa Tybalt kama alipendavyo lake. Hicho ndicho kitendo chake cha kwanza cha mtu mzima. Bahati mbaya ni kitendo ambacho hawezi kukieleza, maana ndoa ni siri, na rafiki yake Mercutio anakiona kuwa ni woga mtupu na kuchomoa upanga badala yake. Romeo anajitia kati kuwaamua, na Tybalt anapitisha upanga chini ya mkono wake na kumchoma Mercutio.

Mercutio anamuuliza kwa nini aliingia katikati yao. Jibu la Romeo ni mstari ambao kijana wetu alikuwa anaukimbiza kana kwamba hauna kazi: “Nilidhani nafanya jema.” Nilimsimamisha. Nikamwomba anikumbushe siku alipokuwa mdogo na kuvunja kitu cha watu huku akijaribu kusaidia. Hakusema alivunja nini, lakini aliposema tena ule mstari, sauti ilishuka ikawa ya mtoto wa darasa la tatu, na Mercutio, aliyekuwa amelala chini akisubiri kufa, alifumbua macho kumtazama. Tumeuacha vilevile.

Kisha linakuja kosa lenyewe. Akiambiwa kwamba Mercutio amekufa, anasema uzuri wa Juliet umemfanya awe kama mwanamke, anautupa upole wake kama nguo iliyombana, na kumuua Tybalt. Waigizaji wengi hulicheza hapo kana kwamba ndipo Romeo anapokuwa mwanamume. Kwa mtazamo wangu ndipo anapofanya jambo la kitoto kuliko yote, kwa kuwa anafanya lile ambalo barabara nzima inamtarajia afanye. Dakika moja baadaye anajiona mwenyewe kuwa mchezo mikononi mwa bahati, na lawama anaitupia bahati.

Jumamosi, 22 Februari

Ukumbi tuliokuwa tumeahidiwa umepewa watu wa harusi. Tumerudishiwa nusu ya malipo ya kushika nafasi, nusu nyingine tumeambiwa tuifuatilie. Tutacheza uani, chini ya turubai, viti vya kukodi.

Jumamosi, 15 Machi

Mwezi wa Ramadhani tunafanya mazoezi baada ya tarawehe, mara moja kwa juma, watu wakiwa wameshiba na wepesi wa kucheka. Usiku huu tumefanya chumba cha Padri, pale Romeo anapopata habari kwamba adhabu yake ni kuhamishwa kutoka Verona na si kuuawa, naye anajitupa sakafuni analia na kugaagaa na hataki kusikia lolote. Kijana wetu aliona haya. Majirani wa ghorofa ya juu walikuwa wameegemea dirishani, na si rahisi kwa mtu wa miaka 19 anayefahamika mtaani kugaagaa mbele ya mama zake wa kambo na wa hiari. Alijaribu kulia akiwa amepiga magoti, kwa heshima. Haikufaa. Yaya wetu, ambaye asubuhi huuza mahamri na kwa hiyo hana haya na mtu, alimshika mkono akamlaza chini mwenyewe, akamwambia, “Lia, mwanangu, hapa ndipo pa kulia, kule mbele huna machozi tena.” Alikuwa ameusoma mchezo kuliko nilivyodhani.

Mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Padri anamkemea kwa kumuuliza kama yeye ni mwanamume kweli, kwamba umbo lake ladai hivyo lakini machozi yake ni ya kike; Yaya naye anamtaka asimame, awe mwanamume. Kiingereza kina neno moja tu hapo, na neno hilo linabeba mizigo miwili. Kiswahili kimeitenganisha. Kuna uanaume, na kuna utu uzima. Uanaume unaweza kudaiwa na mtu barabarani, ukaonyeshwa kwa upanga, ukamalizika jioni hiyohiyo. Mtu mzima ni kitu kingine: ni mtu aliyetimia, asiyepungukiwa kipande, na ni jina ambalo tunampa mwanamke sawasawa na mwanamume. Tybalt ana uanaume wa kutosha wilaya nzima. Juliet ni mtu mzima kabla ya wote.

Kwa hiyo nimebadilisha rasimu. Kila palipokuwa na lawama za barabarani na za Padri nimeacha “mwanamume”. Neno “mtu mzima” nimelificha, halitatamkwa na yeyote hadi kaburini, na huko atalitamka Romeo mwenyewe.

Lipo moja la kuongeza kuhusu chumba cha Padri, kwa kuwa Julai ikifika nitakuwa nimesahau. Padri anatoa hotuba ndefu ya busara: Juliet yu hai, Tybalt aliyetaka kukuua ni maiti, sheria iliyotaka roho yako imekuhurumia. Ni hesabu nzuri. Lakini kinachomwinua Romeo moyo si hesabu hiyo, ni pete ambayo Yaya anamletea kutoka kwa Juliet. Bado ni mtoto anayenyamazishwa kwa kupewa kitu cha kushika.

Jumatano, 16 Aprili

Hili si zoezi, lakini linaingia hapa. Kioo cha simu yangu kilipasuka, nikaenda kibandani kwa Romeo. Alinikaribisha kwenye kigoda, akawasha taa yake ndogo, akaanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Kila skrubu aliinua kwa kibano na kuiweka ndani ya kizibo cha soda, kila kizibo na skrubu za upande wake, na wakati anainua hakuwa anapumua. Nilikuwa sijawahi kumwona ametulia namna ile. Mvulana akaja mbio kumwambia kwamba mwenye kibanda amepandisha kodi. Kibano kilikuwa hewani na skrubu ncha yake. Romeo hakuinua macho.

“Ndivyo?”

Akaishusha skrubu hadi kwenye kizibo chake, ikalia kidogo. Ndipo akauliza, “Kuanzia lini?”

Nililipa, nikaondoka nikiwa nimesahau hata chenji.

Jumamosi, 19 Aprili

Mantua. Mvua ya masika imetuzuia uani, tumerudi chumba cha juu. Balthasar, mtumishi wa Romeo, anafika kutoka Verona na kusema kwamba Juliet amekufa. Baada ya mashairi yote yale ya siku ya kwanza, baada ya kugaagaa kwa Padri, Romeo anajibu kwa mstari mmoja. Chapa mbili za kale hazilingani hapo: ile ya 1597 inasema anazipinga nyota zake, ile ya 1599 inasema anazikana. Mimi nimeshika kukana, maana kumkana mtu ni jambo tunalolielewa hapa, halirudishwi nyuma:

“Ndivyo? Nyota, nawakana.”

Mizani minane na hakuna kina. Mara baada ya hapo anaomba wino na karatasi, anaagiza farasi wa kukodi, anauliza tena kama kuna barua ya Padri. Nilimwambia kijana afanye kama alivyofanya Jumatano, na kibano mkononi. Akakataa kwa hoja ambayo nimeifikiria tangu hapo.

“Mwalimu, pale kibandani nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kufanya.”

“Na Romeo analo?”

Akafikiri. Akarudi mlangoni, akaingia upya bila kibano, na alipoambiwa habari alikuwa anafunga kifungo cha mkono wa kanzu. Alimaliza kukifunga. Balthasar akasahau mistari yake.

Lazima niandike pia kwamba ukomavu huu una doa, na sitaki tulifute. Anamwita muuza dawa maskini wa Mantua ili amuuzie sumu, ingawa adhabu ya kuuza sumu huko ni kifo. Kwa mara ya kwanza katika mchezo mzima Romeo anamtazama mtu mwingine kwa makini, akaiona njaa mashavuni mwake, akaona nguo zilizochakaa na rafu zenye visanduku vitupu. Lakini anaiona njaa hiyo ili aitumie. Anaweka dukati 40 mezani na kusema kwamba analipa umaskini wake, si hiari yake, kisha anamwambia kwamba dhahabu ile ni sumu kali kuliko anayonunua. Ana haki, na bado ameuweka uhai wa maskini rehani. Tumetafuta kichupa, tukapata cha halud kilichokwisha, harufu haitoki hata kikioshwa kwa maji ya moto. Nimesema kibaki na harufu yake.

Jumamosi, 26 Aprili

Kaburini, sehemu ya kwanza. Kabla ya kuingia, Romeo anampa Balthasar barua ampelekee baba yake asubuhi, kisha anampa fedha na kumtakia maisha mema. Siku ya kwanza baba huyohuyo alilalamika kwamba mwanawe hujifungia chumbani, hufunga madirisha na kujitengenezea usiku wake, wala hasemi kinachomsibu. Sasa mwana ameeleza kila kitu kwa maandishi, na ni barua hiyo itakayosomwa na mtawala mwishoni kuthibitisha maneno ya Padri. Ila mama yake hataisoma. Amekufa usiku huohuo kwa huzuni ya kuhamishwa kwa mwanawe, na Romeo hajui.

Jumamosi, 10 Mei

Kaburini, sehemu ya pili, chini ya turubai, mvua ikiwa imekatika saa nane. Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi, amekuja na maua, anamkuta Romeo na kumtaka ajisalimishe. Wote wawili ni vijana. Hata hivyo Romeo anamwita Paris “kijana mwema” na kumsihi aondoke, asimjaribu mtu aliyekata tamaa. Hapo ndipo neno nililolificha tangu Machi limetoka:

“Nenda, kijana. Mimi mtu mzima, niache.”

Nilikuwa na hofu kwamba watu watacheka, kijana wa miaka 19 kumwita mwenzake kijana na kujiita mtu mzima. Wamama wa ghorofa ya juu walikuwepo dirishani. Hakuna aliyecheka. Yaya alikuja kuniambia baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba neno lenyewe lina kisu ndani yake, kwani mzima ni aliye hai, na yule anajiita mzima akiwa na kichupa mfukoni. Sikuwa nimeliona hilo. Nimelimiliki bila aibu.

Paris hakuondoka, wakapigana, akaanguka. Romeo hakujua amemuua nani hadi alipomulika uso wake, na Paris alikuwa ameomba jambo moja tu, alazwe karibu na Juliet. Asiyekomaa angekataa, huyu ni mpinzani wake. Romeo anaomba mkono wake, kama alivyowahi kuomba kiganja kingine karamuni, na kumvuta ndani. Anamwomba msamaha Tybalt pia, maiti kwa maiti. Haraka yake lakini haijamtoka; angengoja kidogo tu, Juliet angefumbua macho. Kijana wetu aliniuliza kama acheze kana kwamba ana shaka. Nilimwambia hapana, amekomaa katika kila kitu isipokuwa kungoja, na hilo lisitengenezwe.

Tulipofika pale anapomlaza Paris, kofia ya Paris ilikuwa imeteleza ikamfunika jicho. Romeo alikuwa amekwisha kuondoka hatua mbili kuelekea kwa Juliet. Akarudi, akainama, akaiweka kofia sawa kwa vidole viwili, kama anavyoweka skrubu kwenye kizibo chake, kisha akaendelea na mstari wake. Hatukuwa tumekubaliana hivyo.

Nimeandika kwenye rasimu, pembeni: kofia. Jumamosi ijayo tunaanza saa tisa kamili, na Paris aje na ileile.